"Irudishie rangi yake": Fundi Dorkasi na meza ya mwaloni

Kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni, Dorkasi Shekigenda huwa ameshainjika sufuria mbili za chai. Moja ni ya watu. Nyingine ni ya mbao.

Zote mbili ni chai ya rangi, hazina maziwa, na zinachemkia kwenye majiko ya maranda nyuma ya karakana yao ndogo mjini Lushoto, kwenye mteremko wa kwenda sokoni. Ile ya watu ina uzi mwekundu kwenye mkono. Uzi huo ulifungwa mwaka juzi, baada ya kaka yake, Martin, kujimiminia kikombe kutoka sufuria ya mbao, akanywa hadi nusu na kusifu kwamba leo chai imekolea.

"Hakufa," anasema Dorkasi, akificha kicheko kwa ncha ya kitenge. "Ila meno yalikaa siku mbili kama ya mtu aliyelamba masizi."

Asubuhi hii ya Jumanne anafanya kama siku zote. Anachota kijiko cha chai ya mbao, anadondosha tone juu ya kipande cha mwaloni, anakipeleka mlangoni penye mwanga na kukipuliza. Rangi mbichi ni mwongo, ndivyo anavyoamini. Mpaka ikauke ndipo inasema kweli.

Hajamaliza kupuliza, gari dogo la mizigo, lile watu wanaloliita kirikuu, linafunga breki nje likiwa limejaa kabichi za Lukozi. Mzee mrefu aliyevaa koti zito anateremka polepole, ameshikilia mlango.

"Shikamoo babu! Mbona mapema? Si tulisema Ijumaa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepata lifti ya kabichi, nikaona nisiiache."

Dorkasi anafurahi. Kazi yenyewe imeshakamilika, na ni kazi aliyoifanya kwa moyo wote. Anamshika mzee mkono, anamwingiza ndani, anavuta shuka.

Meza inang'aa. Ni nyeupe yenye udhahabu kwa mbali, kama asali ya kwanza, na ile mistari mifupi ya mwaloni inametameta ndani yake kila mtu anaposogea. Hakuna alama ya sufuria, hakuna doa la mvua.

Mzee Ulimboka Mwasomola anaitazama. Kisha anavua kofia, kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba.

"Meza yangu iko wapi?"

"Si hii hapa, babu."

"Hapana. Nauliza meza yangu."

Dorkasi anacheka, akidhani ni utani. Mzee anainama, anapeleka mkono kwenye mguu mmoja wa meza, chini kabisa, mahali palipowahi kukatwa na panga. Kidole chake kinaipata ile alama. Kinabaki pale. Anapoinuka, macho yake yana machozi.

"Babu, ulisema irudishiwe rangi yake," anasema Dorkasi. "Ndiyo hii. Ndiyo rangi iliyozaliwa nayo."

"Siyo yake," anasema mzee. Hana hasira, na hilo ndilo linalomtisha Dorkasi. "Siyo yake hata kidogo. Umemfanya nini?"

Anatoka. Anapanda nyuma ya gari, juu ya kabichi, ingawa kiti cha mbele kipo, na gari linaondoka naye kuelekea sokoni. Nyuma ya karakana, chai ya watu inafurika na kuzima jiko lake. Hakuna anayekwenda kuitazama.

Dorkasi ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa Magamba, pale msitu unapoanzia, na baba yake alikuwa mpasua mbao huko Shume hadi msumeno ulipomnyang'anya vidole viwili. Alipokwenda chuo cha ufundi kusomea useremala, alikuwa msichana peke yake darasani. Mwalimu alimweka kwenye msasa ili asisogelee mashine.

"Alidhani ananionea huruma," anasema. "Kumbe ananipa kazi."

Tangu hapo amekuwa fundi wa kumalizia. Martin anakata, anaunga, anapiga randa. Dorkasi ndiye wa msasa, rangi na nta. Mwezi mzuri humwachia kama shilingi laki tatu. Miezi ya masika, vanishi inapokataa kukauka, humwachia kikohozi tu.

Kilichompa jina ni samani kuukuu za mwaloni. Watu wa milimani wanaijua miti ya kwao: wanaijua mikulo, wanaijua miwati, wanaijua misindano ya Shume. Mwaloni wengi wanausikia kanisani tu, mti ambao Ibrahimu alikaa chini yake. Lakini majumba ya zamani yaliachiwa makabati na meza za mti huo na wageni walioondoka, na vitu hivyo vimehama kutoka ofisi hadi nyumba, kutoka nyumba hadi nyumba. Mguu ukivunjika, Martin anachonga mwingine. Kazi ngumu ni kuufanya mguu mpya ufanane na mitatu iliyokwisha kula miaka mingi ya moshi na mikono.

Rangi za dukani Dorkasi hazitaki sana. Anasema zinakaa juu ya mbao kama mtu aliyekuja kutembea. Yeye anachemsha majani ya chai, anachemsha magome ya mwati, analowesha misumari yenye kutu kwenye siki. Dirishani ametundika vipande vya mbao kwenye kamba ya katani, kila kimoja na rangi yake, na kila rangi ameipa jina. Kuna chai ya mgonjwa, ambayo ni hafifu. Kuna kahawa ya msibani. Kuna ukoko. Mteja akija na kiti, Dorkasi anapitisha kamba nzima juu yake mpaka kipande kimoja kipotee machoni. Hapo anajua amepata.

"Kaka yangu anasema kazi yangu ni kudanganya macho ya watu," anasema. "Namwambia basi angalau nadanganya vizuri."

Meza ya Mzee Ulimboka ililetwa karakana ikiwa na hali mbaya. Mkewe alikuwa amefariki. Siku za msiba meza ilitolewa uani, ikawekewa masufuria ya wali yakitoka motoni, usiku ikaachwa nje na mvua ikainyeshea. Ilipofika kwa Dorkasi ilikuwa na miduara myeupe na myeusi, na juu yake weusi wa zamani ulikuwa umevimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Mzee hakueleza mengi. Alisema watoto wote watakuja Jumamosi kuweka msalaba wa saruji kaburini, na angependa wale chakula kwenye meza hiyo. Kisha akasema maneno ambayo Dorkasi anaweza kuyarudia hata usingizini.

"Mwanangu, irudishie rangi yake. Hilo tu."

Dorkasi alimwitikia, "Ondoa shaka, babu." Alipoilaza meza chini na kuchungulia ndani ya saraka, aliona pale mbao ilipokuwa haijaguswa na mtu, nyeupe na safi. Akasema, kumbe rangi yake ndiyo hii. Akachukua msasa.

Jumanne ile, mzee alipokwisha kuondoka, Martin alijaribu kumtuliza dada yake.

"Huyo anataka kupunguziwa bei," alisema. "Nawajua. Wanaanza kwa kuvua kofia."

"Martin, acha. Alikuwa analia."

"Kwa meza?"

Mama Rehema, anayeuza maandazi mlango wa pili, alikuwa amesikia yote na hakuona sababu ya kujifanya hakusikia. "Wewe ulivunjikiwa na randa ukakaa wiki huongei," alimwambia Martin. "Mwenzio kuililia meza ndiyo ajabu?"

Watu walicheka, lakini Dorkasi hakucheka. Kuna neno lilikuwa limemkwama sikioni. Mzee hakusema "Umeifanya nini". Alisema "Umemfanya nini". Kwanza alifikiri ni ulimi tu umeteleza. Ulimboka alitoka Tukuyu akiwa kijana, akaja kuchuma chai upande wa Bumbuli, na Kiswahili chake kina vilima vyake. Lakini mtu wa Tukuyu haiiti meza mtu.

Jibu lilikuja kesho yake kwa miguu. Mwanamke mwenye gunia la karoti kichwani alisimama mlangoni, akalishusha, akapumua.

"Wewe ndiye Dorkasi? Mimi Perpetua, binti wa Mzee Ulimboka. Dada, umemwambia nini baba yangu? Tangu jana amekaa jikoni, hali, hasemi. Nikimuuliza anaangalia pale meza ilipokuwa inakaa."

"Sikumwambia kitu, dada. Nilimwonyesha kazi."

"Hebu nami nione."

Dorkasi alivuta shuka. Perpetua aliweka viganja viwili mdomoni na kubaki hivyo, macho yamemtoka.

"Mungu wangu. Mama ametoka kabisa."

Akakaa juu ya gunia lake la karoti na kueleza. Meza hiyo meneja wa shamba la chai aliiacha alipohama, na Ulimboka akaipata. Ilipofika nyumbani kwao Lukozi ilikuwa nyeupe hivi hivi. Mama yake Perpetua, Beatha, Msambaa wa pale pale Lukozi, aliitazama akasema meza gani hii, kama imetoka hospitali. Kila Jumamosi, maisha yake yote ya ndoa, aliipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa kwenye chai ya rangi iliyolala. Mumewe anachuma chai huko Bumbuli, yeye anaipaka mezani. Ulikuwa utani wao. Alikuwa akimwambia, "Leta jasho lako hapa nilipake, wageni walione." Mwaka hadi mwaka meza ikageuka nyekundu, ikageuka kahawia, mwisho ikawa nyeusi yenye wekundu ndani, rangi ambayo hakuna meza nyingine pale kijijini iliyokuwa nayo.

"Kwa hiyo babu aliposema rangi yake," Dorkasi alianza.

"Alimaanisha ya mama."

"Mbona hakusema?"

Perpetua alitikisa kichwa. "Tangu tumzike hajamtaja. Si jina, si mama Perpetua, si marehemu. Anasema *yeye*. Anasema *yake*. Kikombe chake, kanga yake, upande wake wa kitanda. Sisi nyumbani tunaelewa. Hakufikiria kwamba mtu wa nje hataelewa."

Dorkasi aligeuka akaangalia jiko la maranda. Siku ile alipomaliza msasa alikuwa amefagia vumbi jeusi lililotoka kwenye meza, vumbi laini kama unga wa kahawa, kopo zima. Alilishindilia jikoni pamoja na maranda mengine. Lilishika moto vizuri.

"Nililipikia chai," alimwambia Perpetua. Hakuweza kuficha. "Lile vumbi la mama yako. Nilipikia chai, na sote tulikunywa."

Perpetua alilitazama jiko. Halafu, jambo ambalo Dorkasi hakulitegemea, alianza kucheka huku machozi yakimtoka. "Basi mama amewakaribisha chai. Hiyo ndiyo tabia yake."

Wakati wa kuondoka alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba Jumamosi iko palepale. La pili, kwamba kama haiwezekani, ni bora waseme mapema, kwa sababu baba yake hatavumilia kushangazwa mara mbili.

Kazi ya kufananisha rangi huanza kwa kuwa na kitu cha kufananisha nacho. Dorkasi hakuwa nacho. Alikuwa ameimaliza meza yote, kwa bidii, mpaka kwenye kona. Alianza kwa kile alichoambiwa: chai iliyolala. Aliipaka kwenye vipande vya mwaloni vya kiti kilichovunjika, akarudia, akarudia tena. Kila kilipokauka kilikuwa kilekile, manjano iliyochoka. Chai ya mgonjwa.

Akajaribu maji ya misumari. Mwaloni ukikutana na kutu hauna subira; alipogusa tu, kipande kiligeuka bluu nyeusi mbele ya macho yao, hata Martin akaruka nyuma.

"Toa hiyo! Hiyo ni rangi ya jeneza!"

Hapo ndipo Martin, ambaye siku mbili nzima alikuwa akisema meza ni meza, alipoacha msumeno wake. Aliipindua meza, miguu juu, akaingiza kichwa na tochi ya simu ndani.

"Dorkasi. Njoo."

Ndani ya ubao wa pembeni, nyuma ya saraka, mahali ambapo mkono wenye msasa haufiki, kulikuwa na mchirizi. Tone la chai liliwahi kupita kwenye upenyo na kuteremka, tena na tena, njia ileile, miaka nenda miaka rudi. Ulikuwa na upana wa kidole. Katikati ulikuwa na wekundu wa ukoko, na kingo zake zilikuwa nyeusi.

Dorkasi alilala chali chini ya meza akiutazama. Wekundu ni chai, hilo alilijua. Weusi ule wa kingoni hautokani na chai peke yake. Mahali fulani palikuwa na kutu, kidogo sana, iliyokuja taratibu. Beatha hakuwa na misumari ndani ya siki. Alikuwa na nini?

Akamuuliza Martin, "Wewe, mama yetu alikuwa akilaza chai kwenye nini?"

"Kwenye birika. Si wote wanalaza kwenye birika?"

Alhamisi alipanda bodaboda kupitia Magamba hadi Lukozi, amejifunika kitenge mpaka puani kwa baridi. Mzee Ulimboka alikuwa jikoni kama Perpetua alivyosema. Alimkaribisha kwa adabu, akampa kigoda, akamuuliza habari za barabara. Hakuuliza habari za meza.

Ukutani palikuwa na nafasi tupu ya umbo la meza, na kando yake kanga ya mwanamke ilitundikwa kwenye msumari uliopigiliwa chini chini, usawa wa kiwiko cha mtu mzima. Dorkasi aliiona, hakuitilia maanani.

"Babu, samahani. Mlikuwa mnalaza chai kwenye chombo gani?"

Mzee aliinuka, akafungua kabati, akatoa birika la bati la rangi ya kijani, lililobanduka rangi hapa na pale. Alilishika kwa mikono yote miwili. Dorkasi alipofungua mfuniko aliona ndani kote pale palipobanduka pamepata kutu.

"Naomba kuliazima," alisema.

"Lake hilo," mzee alisema.

"Najua, babu."

Hapo mzee aliinua macho, akamtazama kama anayetaka kusema jambo. Lakini mzee alilifunga tu birika kwenye gazeti, akalikabidhi.

Usiku ule chai ililala kwenye birika la Beatha, na asubuhi ilitoka nyeusi kama wino. Dorkasi aliipaka kwenye meza kwa kitambaa, nyembamba, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha mbao ikaanza kugeuka, na ikageuka kuwa kijivu. Kijivu cha majivu, kila mahali, meza nzima.

Mama Rehema aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la maandazi alishika kichwa. "Umeiua!"

Dorkasi mwenyewe anakiri alitaka kukimbia. Aliangusha kitambaa. Kilichomzuia ni imani yake ileile kwamba rangi mbichi ni mwongo. Alisubiri ikauke. Akapaka tena, akasubiri. Kila mpako mpya wa chai ulileta wekundu kidogo juu ya kijivu, na alasiri alipochukua nta ya nyuki ya Magamba, akaipasha na kuanza kusugua, kijivu chote kilizama ghafla na wekundu ukapanda kutoka chini kama damu inavyorudi usoni mwa mtu aliyezimia.

Martin alichukua tochi, akamulika ule mchirizi wa nyuma ya saraka, halafu juu ya meza, halafu mchirizi. Haukuonekana tofauti.

"Maji ya misumari yanapiga," anaeleza Dorkasi. "Chai ya birika inabembeleza. Mimi nilijua kupiga tu."

Anasema ana mpango wa kutafuta chumba chake mwenyewe jirani na soko, chenye dirisha kubwa upande wa mawio, ili awafundishe wasichana kazi hii ya kumalizia. Jambo la kwanza atakalowafundisha, anasema, halitakuwa chai wala msasa. Mteja akisema anataka rangi yake, wamuulize: ya nani?

Ijumaa jioni Mzee Ulimboka anarudi na Perpetua. Safari hii amekaa kiti cha mbele. Anaingia karakana polepole, kofia mkononi tayari, kama mtu aliyekuja kusikia habari mbaya kwa mara ya pili.

Shuka linavutwa.

Mzee anasogea, anaweka kiganja juu ya meza, anakiacha hapo. Anainama na kunusa. Halafu anaanza kuizunguka, mkono haubanduki kwenye mbao, mpaka anafika upande wa pili, ule uliokuwa ukikaa ukutani. Hapo anasimama. Anakunja uso.

Perpetua anamshika Dorkasi mkono.

"Kuna kosa, babu?"

"Huku," anasema mzee, akipapasa ukingo wa ukutani. "Huku kumekolea mno. Huku hakukuwa kweusi hivi. Huku alikuwa hafiki."

Martin anafungua mdomo ajibu. Dorkasi anamkanyaga mguu. Anaikumbuka ile kanga iliyotundikwa chini chini, usawa wa kiwiko. Anajua jibu. Anauliza hata hivyo, kwa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Nani, babu? Nani alikuwa hafiki?"

Nje, wapakiaji wanaitana juu ya magunia ya viazi. Mzee anaangalia meza, anamwangalia binti yake, anarudi kwenye meza.

"Beatha," anasema.

Perpetua anaachia mkono wa Dorkasi na kujiziba uso.

"Beatha alikuwa mfupi," anasema mzee, na sasa sauti inatoka yote, hata Mama Rehema huko mlango wa pili anaacha kuhesabu maandazi. "Mkono wake haukufika ukutani. Nikimwambia nikusaidie, ananiambia wewe mrefu kaa na urefu wako. Niliposema irudishie rangi yake, mwanangu, sikusema ya meza. Nilisema rangi ya Beatha."

Dorkasi anachukua msasa laini, anaukunja, na kumwekea mzee kiganjani.

"Basi nionyeshe, babu," anasema. "Beatha alikuwa anaishia wapi?"